Kaye ya Gracien Mulindwa, Mtu wa Rangi

Ba baba na ba mama, padri wetu, shefu wa kartie, mwenye mtaa huu, ba voisin, majirani wa Nyamianda na wa Songo, na nyinyi mliotoka Kavimvira kwa miguu na jua hili, minye ni Honorine, dada yake Gracien, niliyemfuata kuzaliwa, na familia imeniagiza niwasomee maisha yake kabla hatujamfunika. Jana komite ya msiba iliniletea karatasi moja iliyopigwa vizuri kwa masini, yenye mistari minne juu ya kazi yake, na ile mistari minne haikutaja mti hata mmoja. Karatasi hiyo nimeiacha nyumbani. Hii ninayoisoma nimeiandika kwa mkono wangu, ni ndefu kidogo, na anayeona jua ni kali asogee kivulini, kivuli bado kipo, na sababu ya kuwepo kwake mtaisikia.

Gracien Mulindwa alizaliwa Songo, hapa Uvira, siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Luc Mulindwa, mvuvi, na marehemu Ninahazwe, mkulima aliyetoka bonde la Ruzizi, ambaye mpaka anakufa aliongea Kirundi na sisi watoto wake na Kiswahili na kuku zake. Miaka mitano kabla ya Gracien kuzaliwa, mwaka 1964, ziwa lilipanda na kubeba nyumba za wavuvi, na maji yaliposhuka baba yetu na wenzake walikata fimbo mbichi za muvumu, wakazichomeka kandokando ya maji, kutoka Nyamianda kuelekea Kavimvira, fimbo themanini, kwa kuwa muvumu hauombi mbegu wala mbolea, ukichomekwa unashika. Mama alikuwa akisema kwamba miti ile ni kaka zake Gracien, na mtoto akikosa alitumwa kwenda kuwaomba kaka zake msamaha, jambo lililotuchekesha sisi wengine, lakini yeye alikwenda kweli. Katika fimbo zile themanini, leo zimebaki hamsini na saba.

Kuhusu masomo, alianza shule ya msingi, ile ya miaka sita, hapa Songo mwaka 1975 na kuimaliza mwaka 1982, na wenye kujua hesabu wameshaona kwamba umeingia mwaka mmoja wa ziada, alirudia darasa la nne kwa sababu dirisha lao lilitazama miti na yeye alitazama dirisha. Kutoka 1982 mpaka 1988 alisoma ujenzi katika shule ya ufundi, akapata diploma ya leta, ya serikali, kwa asilimia hamsini na mbili, na anayetaka kucheka akumbuke kwamba darasani walikuwa kumi na tisa na waliopata ni saba.

Tarehe 2 Mei 1991 aliingia katika ofisi ya leta ya barabara, akianza kwa kubeba mnyororo wa kupimia, kisha akawa msaidizi wa mpimaji, na kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na moja, katika vita na katika amani, hata ile miaka ambayo barabara zenyewe zilikuwa zimebaki kwenye ramani tu. Alikuwa na desturi moja ambayo hakufundishwa shuleni, nayo ni hii, kabla masini haijapita mahali, yeye alitangulia siku moja mbele, kwa miguu, peke yake, akaandika kwenye kaye, daftari lake lenye jalada la buluu, kila kitu chenye uhai kilichokuwa njiani, mti na unene wake, kiota na ndege wake, shimo la mchwa, njia ya kiboko, na kaye ikijaa alinunua nyingine ya rangi ileile. Wakubwa wake walimwita Mwalimu wa Ndege, na hawakumaanisha sifa.

Mwaka 2009 walipojenga ukuta wa mawe pembeni ya ziwa, Gracien aliwaambia kwamba mahali pale ni njia ya viboko tangu enzi za wazee, wanapanda hapo kula majani na kurudi majini, kwa hiyo waache nafasi ya mita sita. Injenia akajibu kwamba kiboko hana cheti cha parsele, hana kiwanja. Ukuta ulimalizika siku ya Jumatatu, na Alhamisi ukakutwa umelala chini, na juu ya saruji iliyokuwa bado mbichi zikaonekana nyayo pana kama sahani, zimeenda na zimerudi. Ukuta wa pili ulijengwa ukiwa na nafasi ya mita sita, iko pale mpaka leo, na tangu siku hiyo hakuna parsele ya nyuma iliyovunjwa na kiboko, jambo ambalo ofisi haikumshukuru nalo hata kwa soda.

Kuhusu ndoa, Jumamosi tarehe 6 Agosti 1994, mbele ya padri na mbele ya leta, alifunga ndoa na Bernardine, binti wa mama aliyeuza ndagala Kavimvira, yule mwembamba ambaye tulidhani atashindwa na kaka yangu, kumbe kaka yangu ndiye aliyeshindwa naye. Mungu aliwapa watoto watatu, Fabiola aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1995, Junior aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1999, na Noella aliyezaliwa tarehe 11 Septemba 2006, na wajukuu wawili, ambao mkubwa wao ameshaanza kuhesabu viota. Miaka thelathini waliishi katika nyumba moja Nyamianda, nyuma ya miti ya baba, na kwa miaka kumi na minne Mama Fabiola ameongoza salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja, ya avenyu yao, na muntu aliyelala siku ya salongo alijua atafuatwa kitandani.

Sasa narudi kwenye kazi, kwa sababu iko watu waliokuja hapa leo wakitumaini kwamba nitaipita haraka.

Tarehe 3 Oktoba 2022, kampuni iliyopewa kazi ya kupanua barabara ya kandokando ya ziwa, ambayo sitaitaja jina, wao wenyewe wameliandika kwa herufi kubwa juu ya shada la maua lile pale, ilimchukua Gracien kuwa mtu wa mazingira. Wenye kutoa pesa za barabara walikuwa wameweka sharti, kwamba mti wowote usikatwe mpaka uandikwe na kupakwa alama, na sheria ikabandikwa kwenye ubao mlangoni mwa shantie, pale penye kambi yao ya ujenzi, mti wenye msalaba mwekundu unakatwa, mti wenye mkanda mweupe hauguswi. Barabara ingeweza kupanuliwa upande wa mlima, lakini upande wa mlima uko ukuta wa parsele ya mukubwa mmoja, kwa hiyo ramani ikajikunja kwa heshima, ikaukwepa ukuta na kuingia kwenye mivumu.

Basi tarehe 13, 14 na 15 Februari 2023, Gracien Mulindwa, kwa mkono wake mwenyewe, alipaka misalaba myekundu kwenye miti thelathini na minane ya baba yake na mikanda myeupe kwenye kumi na tisa. Ninayasema haya mbele ya jeneza lake kwa sababu historia ya marehemu isiyo na ukweli ni tangazo la redio. Alipaka, alikuwa na kontra ya kazi, Noella alikuwa shuleni, na agizo lilikuwa agizo. Minye nilimfuata pale barabarani, mbele ya wafanyakazi wenzake, nikamwita mtumwa wa rangi, nikamuuliza kama amebakisha kidogo cha kupaka kwenye kaburi la baba, kisha nikakaa miezi miwili bila kukanyaga kwake. Yeye alikuwa ameinama anaandika kwenye kaye yake. Maneno yale ninayaonea haya leo, nayarudisha hapa hadharani, na kama kuna mahali anasikia, anisamehe.

Kilichofuata hakikupangwa na mtu, ingawa walimkamata nacho. Kila mwaka kabla ya sikukuu ya uhuru, tarehe 30 Juni, sisi watu wa Uvira tunajua kinachofanyika, mkubwa anakuja, basi kila jiwe na kila mti wa njiani lazima uvae chokaa mpaka kifuani. Mwaka ule mkubwa alikuwa anakuja kutembelea shantie yenyewe, na shefu wa kartie, ambaye yuko hapa na ananitazama, akatangaza salongo ya siku ya Jumamosi tarehe 24 Juni 2023, akaenda kwenye kampuni kuomba msaada wa sikukuu, na kampuni, kwa moyo mkunjufu, ikatoa mifuko sita ya chokaa. Nasema tena kwa wale wa nyuma, chokaa ilitoka kwao. Gracien siku hiyo alikuwa Kavimvira kupima mtaro, na Mama Fabiola na ba mama wa avenyu wakachanganya chokaa na chumvi, jinsi walivyofundishwa na mama zao ili mvua isiiondoe, wakapaka mti baada ya mti, misalaba, namba, mikanda, vyote, na saa sita mchana miti yote hamsini na saba ilikuwa nyeupe. Nilikuwepo, brashi yangu ilipita kwenye miti minne, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza ubao wa shantie, tuliwaza kumaliza kabla ya jua.

Mkubwa akapita akasifu usafi. Jumatatu tarehe 3 Julai masini ikaja kukata, na shofere wake, Jean-Berchmans, mtoto wa bonde la Ruzizi, alitazama miti, akatazama ubao, akazima masini na kushuka. Shefu wa shantie akaagiza chokaa isuguliwe kwa brashi za chuma, lakini muvumu ukisuguliwa unatoa maziwa, ganda likatoka pamoja na rangi zote, ikabaki mikwaruzo inayotiririka weupe juu ya weupe. Orodha ya bironi, ile ya ofisini kwao, ilikuwa na namba, moja mpaka hamsini na saba, na neno jekundu au jeupe mbele ya kila namba, lakini mchoro wa kuonyesha namba ipi ni mti upi ulikuwa mahali pamoja tu, katika kaye ya buluu, na kaye ya buluu ilikuwa katika mfuko wa jile ya Gracien, kizibao chake cha kazi, alipokuwa amesimama hatua tatu kutoka kwa Jean-Berchmans.

Wakamwambia aonyeshe ile thelathini na minane. Jean-Berchmans ndiye aliyetusimulia, na yuko hapa, anaweza kunisahihisha, kwamba Gracien alitazama mstari wote kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila haraka, akasema kwamba yeye anaona miti myeupe, na miti myeupe haiguswi. Dakika ile, ba baba na ba mama, ndiyo iliyonirudishia kaka yangu.

Kampuni ingeweza kupaka upya, hakuna aliyewazuia, ila sharti la wenye pesa lilisema kwamba alama mpya haziwekwi bila mkutano na wakaaji, na wakaaji watie sahihi, na mkutanoni mtu yeyote, hata bibi asiyejua kusoma, angeweza kuuliza kwa nini barabara inauogopa ukuta na haiogopi ziwa. Kwa hiyo haikuwa rangi waliyoitaka, waliitaka kaye. Tarehe 10 Julai 2023 wakamsimamisha kazi, wakaandika kwamba ameharibu mali ya shantie akisaidiana na mke wake, wakamwita kujieleza mara tatu, na kutoka tarehe 2 mpaka tarehe 4 Agosti alilala katika kasho, mahabusu, mtu wa miaka hamsini na minne ambaye hajawahi kuiba hata embe. Wengine tulimshauri aseme kaye imepotea, imelowa, imeliwa na panya, mambo yaishe, na minye nilikuwa wa kwanza kushauri. Akakataa uongo huo. Mbele ya afisa alisema kaye iko, iko salama, na haitatoka, na maneno hayo yakaandikwa kwenye karatasi na yeye akayatilia sahihi.

Tangu siku hiyo hakupata tena kazi ya barabara, alilima mihogo, alirekebisha madawati ya shule ninayofundisha, na kila asubuhi alitembea kwenye mstari wa miti kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kila tulipoona chokaa inafifia, Mama Fabiola alitangaza salongo, na safari hizi tulijua tunachofanya. Mwaka huu wa 2024, Aprili na Mei, ziwa lilipopanda tena, nyinyi mliona kwa macho yenu, pale walipokuwa wamejenga ukuta mpya bila mti hata mmoja maji yaliingia mpaka kwenye vitanda, na nyuma ya mivumu ya Luc Mulindwa maji yalifika kwenye mizizi yakaishia hapo. Nyumba thelathini na moja zilibaki kavu, Gracien alizihesabu, na miongoni mwa waliolala pakavu wako wawili waliomshitaki.

Kuhusu ugonjwa, ulimwanza mwezi wa Agosti mwaka huu, maumivu ya upande wa kulia na macho kuwa manjano, tukadhani malaria, kisha tukaambiwa ni ini. Alilazwa hopitali tarehe 9 Septemba, akatoka, akarudi tarehe 21 Oktoba na hakutoka tena. Hakulalamika, ila alimsumbua daktari kwa kuuliza ni ndege gani anayelia nyuma ya dirisha la chumba chake. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa kumi alfajiri, Mama Fabiola akimshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, miezi minane kasoro siku mbili.

Jana, Alhamisi, tukiwa katika matanga, alikuja mtu wa kampuni, mwenye viatu safi, akakaa karibu na mjane, akampa pole, kisha akasema kwamba kampuni iko tayari kutoa lori la kubeba mwili na waombolezaji, na kumpa Junior kazi shantie kuanzia mwezi ujao, na kwamba kitu kidogo tu wanachoomba ni ile kaye ya marehemu, kwa ajili ya kumbukumbu. Aliyejibu ni Junior, ambaye diploma yake ina miaka minne ukutani na kazi hana, akamshukuru kwa pole, akamsindikiza mpaka barabarani, akamwonyesha njia ya kurudi. Ndiyo maana leo mmembeba Gracien mabegani kutoka Nyamianda mpaka hapa, mkipokezana, na mkapita naye chini ya miti yote hamsini na saba. Anayesikia mabega yanamuuma asione aibu, ayaache yaume.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mpaka saa ya mwisho, na hasa muuguzi Pudentienne aliyemjibu kila swali la ndege. Tunawashukuru ba voisin wa Nyamianda kwa kuni, maji, ndagala na usiku tatu za kukesha, ba mama wa salongo, walimu wenzangu, na wafanyakazi wenzake wa zamani, kwanza kati yao Jean-Berchmans, ambaye alizima masini siku ile na ameendelea kula chakula chetu bila kuogopa wakubwa wake. Shefu wa kartie tunamshukuru kwa ile salongo, aliyoitisha bila kujua. Kampuni nayo tunaishukuru kwa mifuko sita ya chokaa, na deni hilo tunakubali kwamba hatutalilipa.

Kuhusu kaye, kwa kuwa imeulizwa msibani, itajibiwa msibani. Kaye iko. Imefungwa katika plastiki, jinsi alivyoifunga siku zote ili isilowe, na asubuhi ya leo, kabla ya kufunga jeneza, Mama Fabiola aliiweka chini ya mikono yake, Fabiola, Junior na Noella wakishuhudia, na minye nilishuhudia. Inashuka naye sasa hivi. Anayeihitaji amwombe mwenyewe, alikataa akiwa hai na njaa, tuone kama atakubali akiwa ameshiba. Wakitaka kukata, waanze upya, waite mkutano, waje na ramani yao na ule ukuta wao, safari hii watatuuliza sisi, na jibu wanalijua.

Kesho ni Jumamosi. Mjane yuko katika kilio, hatashika brashi, lakini chokaa iko nyuma ya nyumba yake na chumvi iko kwangu, tunaanza saa kumi na mbili asubuhi kwenye mti wa kwanza wa Nyamianda, na asiyekuja tutamfuata kitandani.

Gracien, mwana wa Luc, mwana wa Ninahazwe, lala sasa, ushike kaye yako vizuri, kaka zako wamesimama wote hamsini na saba. Pumzika kwa amani, sisi bado hatujapumzika.